Makaa Tu, Daktari

Sogeeni, ndugu zangu, na wenye haraka ziwekeni kando kidogo. Habari ninayowaletea ilianza kwa vicheko, na kama ingeishia huko nisingewasumbua. Ni habari ya nyumba moja iliyokuwa na kila sababu ya kushukuru, ila mwenye nyumba akaona haitoshi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu, na jiko la matofali limeungana nayo kwa nyuma. Uani kulikuwa na karakana ya mabati. Humo alifanya kazi baba mwenye nyumba, fundi wa kuchomelea ambaye mji mzima ulimwita Matangi. Alikuwa fundi kweli kweli, msidhani namsema vibaya. Mpe bati nene na mashine yake, umwache hapo asubuhi. Ukirudi unakuta tangi limesimama, mishono imenyooka utadhani imepigwa rula. Mkewe alikuwa mshonaji, cherehani yake iko mlangoni mwa mbele ambako kuna mwanga. Mama mzazi wa Matangi, Bibi, alikuwa amehamia kwao tangu alipofiwa na mumewe. Na mtoto walikuwa naye mmoja tu, binti ambaye alikuwa bado hajaanza shule, na kwa jinsi alivyokuwa haufungi mdomo wakampachika jina la Chiriku.

Jumamosi moja Matangi alikuwa anapiga tupa ukingo wa chujio kubwa la waya. Chiriku amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anamhoji kama polisi.

"Baba, hili la nini?"

"Chujio."

"La chai?"

"La makaa."

"Makaa yanachujwa? Bibi anayatia tu jikoni, hayachuji."

Bibi alicheka kutoka mlangoni. "Mjibu mwenzio. Umemzaa mwenyewe, mimi simo!"

Matangi akaweka tupa chini. "Haya, sikiliza. Haya si makaa ya Bibi. Ni makaa madogo madogo, yanatengenezwa kwa vifuu vya nazi. Kule mtamboni tope lenye dhahabu linazunguka ndani ya tangi pamoja na dawa. Dawa inaiyeyusha dhahabu, makaa yanainyonya. Yakishiba, tunayatoa. Chujio ndilo linaloyazuia yasiondoke na tope."

"Kwa hiyo makaa yanakula dhahabu?"

"Yanakula."

"Yanavimbiwa?"

Wote waliangua kicheko, hata mshonaji kule mbele akasimamisha cherehani. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba ya Matangi, na ningependa muikumbuke hivyo.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa pasipoeleweka, mengine hayataeleweka.

Mwisho wa mji kulikuwa na mtambo wa kuchenjua dhahabu. Wenyewe hawakuchimba. Walinunua mchanga wa wachimbaji wadogo, mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja kwa zebaki, wakatafuta humo dhahabu iliyobaki. Matangi ya zamani ya mtambo huo yalikuwa yanapoteza makaa: punje zilipenya kwenye machujio yaliyochoka, zikaenda na tope hadi jalalani, na dhahabu yake tumboni. Meneja akamwita Matangi. Fundi akachora, akakata, akachomelea, akasimamisha matangi mapya yaliyopangwa kama ngazi, kila moja na chujio lake. Mambo yakanyooka. Meneja alimsifu mbele ya wafanyakazi wote, akamlipa vizuri tena kwa wakati, akamwachia na kazi ya kuyahudumia matangi hayo. Kazi ya kudumu, jamani! Wangapi wanaiota?

Lakini Matangi alipokuwa anaunda tangi la kwanza, lile ambalo makaa yake hushiba kuliko yote, tamaa ilimshika koo. Akaliwekea sakafu mbili. Katikati akaacha uwazi, na kwenye ukingo wa chujio akaacha ufa mwembamba ambao asiyeujua hawezi kuuona. Punje chache chache zilidondokea humo kila siku. Alipokwenda kufanya huduma, yuko chini ya tangi peke yake, alifungua kizibo, akajaza mfuko, akafunga. Hakuna aliyemshuku. Nani amshuku mtu aliyeitwa kuzuia makaa yasipotee? Akili yote ile aliyojaliwa, akaitumia kutengeneza mfuko wa mwizi ndani ya chuma.

Makaa hayo aliyasuuza, akayakausha, akayajaza kwenye gunia. Nia yake ilikuwa siku moja ayachome, aoshe majivu, atoe dhahabu. Mbona hakuyachoma mara moja? Kwa sababu aliijua hatari yake. Makaa yale hayanyonyi dhahabu peke yake. Yananyonya na zebaki. Ukiyatia motoni zebaki inatoka kama hewa, haina rangi, haina harufu, ikakuingia kifuani hujui. Tanuri la mtamboni lilikuwa na bomba refu la kuipoza na kuinasa hewa hiyo, na bomba hilo alilitengeneza nani? Yeye. Meneja alisimama karibu naye akamweleza kwa nini linahitajika, hadi akalielewa. Ndiyo maana na yeye alikuwa anajitengenezea tanuri dogo lenye bomba lake, kidogo kidogo, ili akichoma asidhurike. Mapafu yake mwenyewe aliyajali sana.

Mvua zikaanza. Karakana ilikuwa inavuja, akaona gunia litalowa. Akalibeba, akaliweka pembeni jikoni, nyuma ya mlango.

"Gunia la nini hilo, mwanangu?" Bibi akauliza.

"Makaa tu, mama."

Bibi akachungulia, akachota kiganja. "Makaa gani haya, punje punje?"

"Vumbi vumbi la kazini."

"Ahaa."

Basi. Kama angesema, "Mama, hii ni sumu, asiiguse mtu," leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini neno sumu lingezaa swali, na swali lingefika kwa mkewe, na mkewe alikuwa mtu wa kunyoosha mambo, asingekubali kulala nyumba moja na mali ya wizi. Matangi akaona neno jepesi ndilo salama. Makaa tu!

Tunaposema mtu amejipalia makaa, sisi husema kwa mzaha. Huyu aliyabeba kwa mabega yake akayaingiza ndani.

Bibi alikuwa amepika miaka mingi kwenye jiko la shule, na mkono wake haukutupa kitu. Kipande cha sabuni alikibandika kwenye kipande kingine. Vumbi la makaa ndilo lililokuwa fani yake: alilichanganya na udongo na maji, akafinyanga vitonge, akavianika juu ya bati, na vikikauka vinawaka kuliko makaa ya kununua. Mkwewe alikuwa anamtania, "Mama, wewe hata moshi ungeukunja ukaweka." Na Bibi anajibu, "Ungekunjika ningeukunja."

Siku moja jua lilipochomoza kidogo, Bibi akaliona lile gunia, akaliona ni zawadi. Akafinyanga. Matangi alirudi jioni hiyo akavikuta vitonge vimepangwa juu ya bati, akavipita. Vitonge vya mama yake alikwisha kuvizoea, na hakuwa na sababu ya kuuliza vimetokana na nini. Gunia hakulitazama.

Kisha ikaja siku ya mvua kubwa. Maji yalikuwa yanapigwa na upepo hadi ndani, kwa hiyo Bibi alifunga mlango wa jiko na kuziba dirisha kwa gunia tupu. Akawasha vitonge, akateleka maharage. Chiriku alikaa naye pale pale, miguu karibu na moto, anachambua mchele na kuuliza maswali yake. Mama yake alikuwa mbele, anashona sare za shule zilizokuwa zinasubiriwa. Aliingia jikoni mara moja moja kuchukua chai na kutoka.

Matangi aliingia mchana ule, amelowa chapachapa.

"Karibu, karibu upate joto," Bibi akamwambia, uso umejaa furaha. "Leo nimewasha vitonge vya yale makaa yako. Vinawaka hivyo! Moto mtulivu, moshi hakuna hata chembe. Na wewe ulikuwa umeyaacha tu hapo nyuma ya mlango."

Matangi alitazama nyuma ya mlango, akaona gunia limepungua nusu. Alitazama moto. Alimtazama mwanawe aliyekaa pembeni ya moto huo, mashavu yanang'aa kwa joto, ungo mapajani.

"Umewasha saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Maharage yenyewe magumu kama kokoto."

Matangi aliipua sufuria, akaibwaga sakafuni, akalinyanyua jiko kwa matambara na kutoka nalo mvuani kuelekea karakana.

"Wee! Maharage hayajaiva!" Bibi akapiga kelele. "Una nini leo?"

Alirudi, akazibua dirisha, akafungua mlango. "Hewa nzito humu," akasema. Hilo tu. Kisha akaenda tena karakana. Mnajua kufanya nini? Lo! Alikwenda kukusanya majivu. Majivu ndiyo yenye dhahabu, na upepo ulikuwa mkali. Akayakung'uta kwenye kopo, akalifunika, akaliweka juu ya rafu. Mama yake na mwanawe wamekaa jikoni na zebaki kifuani, yeye anazuia majivu yasipeperuke!

Akasimama pale karakana akijituliza. Alijiambia pengine haikuwa nyingi. Alijiambia mlango si wa kubana sana, hewa ilikuwa inapita. Aliwaza kumwambia mkewe, akawaza meneja, akawaza polisi, akarudi kwenye ile "pengine" yake.

Jioni Chiriku alipata homa. Alikohoa hadi akatapika, na cha kutisha zaidi ni kwamba hakuuliza kitu. Bibi naye alikuwa ameshika kifua, anapumua kwa kukatakata. Mshonaji alijiona hana nguvu, mdomoni anasikia ladha ya chuma.

"Kama nimelamba sarafu," alimwambia mumewe. "Wewe husikii?"

"Mafua ya mvua hayo," Matangi akajibu, akageukia ukutani.

Asubuhi ilipofika hakuna aliyesema tena habari ya mafua. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Walikodi gari hadi hospitali ya mji, Bibi amelala kiti cha nyuma, kichwa kimelalia bega la mkwewe.

Daktari aliyewapokea alikuwa mama wa makamo, macho yamechoka lakini hayapitwi na kitu. Aliagiza hewa ya oksijeni kwa wagonjwa wote wawili, akawasikiliza vifua, kisha akawageukia wenye nafuu.

"Jana mlikula nini? Mlichoma nini ndani ya nyumba?"

Bibi akaiondoa barakoa ya oksijeni kidogo. "Makaa tu, daktari. Vitonge vya makaa."

"Makaa ya kawaida?"

Mshonaji akamtazama mumewe. "Baba Chiriku, si yale makaa yako? Ni makaa tu, sivyo?"

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, angepita. Matangi alimtazama daktari, akatazama sakafu.

"Makaa tu, daktari."

Daktari hakuridhika. "Moshi wa makaa humpa mtu maumivu ya kichwa, humpa usingizi, unaweza hata kumuua. Lakini vifua hivi vimeungua. Hakukuwa na plastiki? Betri? Dawa ya wadudu?"

"Hapana."

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Nachomelea."

"Unachomelea wapi?"

"Popote. Mageti, madirisha, kila kitu."

Daktari aliandika alichoambiwa, maana daktari naye ni binadamu, hutibu kwa kile mlichomfungulia. Wakatibiwa kama watu waliovuta moshi wa makaa kisha wakapata maambukizi ya mapafu. Walipewa dawa nzuri, ila zilikuwa dawa za ugonjwa mwingine.

Matangi alikaa kwenye benchi la korido. Mara mbili aliinuka aende chumba cha daktari, mara mbili akarudi. Aliona pingu. Aliona watu wa mtaani wananong'ona. Aliona kazi yake nzuri inakwenda na maji. Aliwaza: wakipona, nitatupa gunia lote, sitarudia kamwe. Alikuwa anamwekea Mungu masharti, na huku saa zinakwenda.

Jioni Bibi akamwita. Alikuwa ameegemezwa mito, uso umekuwa mdogo.

"Mwanangu, Chiriku vipi?"

"Anaendelea."

"Usinifiche." Alivuta pumzi, akapumzika, akavuta tena. "Ni mimi. Ni ubahili wangu. Nimeziba dirisha, nimewasha vitonge, mtoto nimemweka karibu. Nimemuumiza mjukuu wangu kwa mkono wangu."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisamehe. Niambie umenisamehe, nipumzike."

Mshonaji alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Alimsogelea Bibi kumshika mkono. Matangi naye aliinama. Mjue kwamba ulimi ulikuwa wake, na pumzi alikuwa nayo ya kutosha.

"Nimekusamehe, mama," akasema.

Bibi akafumba macho. Kulipopambazuka alikuwa amekata roho.

Sijui niwaelezeje. Nimesimulia habari nyingi za watu wabaya, watu waliopiga, watu waliolewa, watu waliotelekeza watoto. Hii ya kumsamehe mama kwa kosa lako mwenyewe, ukamwacha aende nalo kaburini, hadi leo nikiitaja nywele zinanisimama.

Daktari alimkuta Matangi mlangoni mwa chumba cha watoto. Hakumpa pole kwanza. Alisimama mbele yake.

"Mama yako ametutoka. Mtoto wako anafuata njia ile ile, dawa haziingii. Nakuuliza, na hii ni mara ya mwisho kwa sababu muda sina. Kulikuwa na nini kwenye hayo makaa?"

Matangi alitazama ndani kupitia kioo. Chiriku alikuwa chali, mdomo wazi chini ya barakoa, mbavu zinapanda na kushuka kwa tabu. Hapo ndipo lilipotoka.

"Ni ya mtamboni. Ya kunasa dhahabu. Yana zebaki."

"Umesema nini?"

"Zebaki, daktari. Niliyaiba. Mama hakujua, alidhani ni makaa. Mwanangu, daktari! Msaidie mwanangu!"

Daktari hakumgombeza. Alikimbia. Alikimbia korido nzima anaita wauguzi, anaagiza simu ipigwe hospitali kubwa, anaagiza gari la wagonjwa liwashwe. Matangi aliyasikia maneno yake ya mwisho kabla hajapinda kona, akimwambia muuguzi: "Jana tungekuwa tumeshampeleka. Wote wawili tungekuwa tumeshawapeleka."

Alipogeuka, mkewe alikuwa nyuma yake. Alikuwa amekuja na chupa ya uji wa mgonjwa, hajapewa bado habari za Bibi. Amesikia yote.

"Mama amekufa?"

Matangi akatikisa kichwa kukubali.

"Na wewe ulikuwa unajua. Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipoingia jikoni."

"Juzi?"

"Juzi."

Aliiweka chupa sakafuni polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga. Matangi alingoja tusi, alingoja kofi. Angelishukuru hata kofi.

"Mama alikuomba msamaha," mkewe akasema. Sauti ilikuwa ya chini kabisa. "Nilikuwepo, baba Chiriku. Alikuomba msamaha, nawe ukamwambia umemsamehe."

Akampita, akaenda kupanda gari la wagonjwa pamoja na mwanawe.

Mtoto aliokolewa. Nawaambia mapema msije mkaumia bure. Hospitali kubwa walimwekea mashine ya kumsaidia kupumua, wakampa dawa ya kuitoa zebaki mwilini, na baada ya wiki nyingi akarudi kwa mama yake. Lakini kifua chake ni kibovu, hawezi kukimbia na wenzake, na akishika penseli vidole vinatetemeka. Madaktari wanasema huenda ikapungua akikua. Huenda.

Meneja na polisi walikwenda kwenye tangi la kwanza. Fundi mwingine alilikata chini, na macho yakawatoka wote waliokuwepo: uwazi ule ulikuwa umejaa tena makaa yaliyoshiba. Meneja alikaa juu ya bomba akashika kichwa. "Huyu nilimwamini kuliko ndugu yangu," alisema. Na kopo la majivu walilikuta karakana kwake, juu ya rafu, limefunikwa vizuri.

Matangi aliruhusiwa kumzika mama yake, askari wawili wakiwa pembeni, kabla ya kupelekwa kujibu mashtaka. Watu walikuwa wengi. Kaburi lilipokwisha kufukiwa na watu kuanza kuondoka, alipiga magoti kwenye udongo mbichi. Askari walimwacha. Waliokuwa karibu walimsikia anasema kwa sauti, "Mama, hukukosa wewe. Mama, ni mimi. Mama, nilikuwa nimeyaiba." Alirudia mara nyingi, kama mtu anayegonga nyumba ambayo wenyewe wamehama. Hakuna aliyemzuia kusema, lakini wa kumsikia hakuwepo tena. Askari wakamwinua.

FUNZO

Msiseme habari hii ni ya wenye mitambo ya dhahabu tu. Kila mmoja wetu ana kitu anachokiingiza nyumbani kwa jina la uongo. Mwingine huingiza dawa ya shambani kwenye chupa ya soda, mwingine tindikali kwenye dumu la maji, akiulizwa anasema "si kitu." Kitu cha hatari kiiteni kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya wote wanaoishi humo, mkianza na wapishi na watoto. Na sumu ya kazini ibaki kazini. Zebaki haimjui mwizi wala mwenye haki, wala bibi na mjukuu wake.

Wizi wa Matangi ulikuwa mbaya, na sheria imeuhukumu. Lakini wizi peke yake haukumuua mama yake. Kilichomuua ni ule uongo wa mbele ya daktari. Mtu mmoja alikuwa na jibu la kuokoa roho mbili, akalificha ili aokoe sifa yake. Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu: siku daktari atakapokuuliza, "mmekula nini, mmekunywa nini, mmechoma nini," usitazame sakafu. Sema, hata kama utakwenda gerezani ukitoka pale. Gerezani watu hutoka.

Na wewe mwenye kipaji mkononi, unayejua kuunda kitu kikasimama na kufanya kazi, kipaji hicho kiogope kidogo. Matangi alikwisha kupata sifa, kazi na familia yenye furaha kwa mikono ile ile. Alichoongeza ni ufa mmoja mwembamba pembeni ya chujio, akidhani ni makaa peke yake yatakayopitia hapo.